Kesi Nyeusi

Mtaa mzima ulimwita Mzee Lehemu, na pengine hakukuwa na aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka arobaini alikuwa akitengeneza redio katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na redio zilipoadimika akahamia kwenye vipaza sauti, feni na pasi. Vidole vyake vilijaa makovu madogo madogo ya lehemu, na macho yake yalishazoea kutazama vitu kwa karibu sana. Alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Marehemu mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba ukitaka neno kwa mzee huyu, sharti uje na bisibisi.

Nyuma ya nyumba, ukivuka kiuanja chenye kamba za kuanikia nguo, palikuwa na vyumba viwili. Humo aliishi mkazamwana wake pamoja na binti yake wa miaka mitano, mtoto aliyekuwa haishiwi na la kusema tangu anafumbua macho hadi anayafumba, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Baba yake Chiriku, mtoto wa pekee wa Mzee Lehemu, alikuwa kocha wa mpira wa wavu wa timu ya wasichana. Siku moja alianguka uwanjani mchana kweupe, filimbi mdomoni. Walipomfikisha hospitali yalikuwa yamekwisha. Chiriku alikuwa na miezi kumi, ndiyo kwanza anajikokota kwa magoti.

Mjane yule hakuondoka. Watu walisema ataondoka baada ya arobaini, kisha baada ya mwaka, mwishowe wakachoka kusema. Alikuwa karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Asubuhi alimpitishia mkwewe chai kabla ya kwenda kazini, jioni akarudi na kuuliza, "Baba, umekula?" Mzee akajibu, "Nimekula," hata kama hajala, naye akaleta sahani vilevile. Hivyo ndivyo miaka minne ilivyopita, bila makubwa, kama maji ya mtungi yanavyopungua bila mtu kuona.

Kisha, miezi mitatu kabla ya siku ninazozisimulia, mkazamwana aliingia karakana akakaa kwenye kigoda cha wateja, macho chini.

"Baba, kuna mtu."

Mzee Lehemu aliendelea kupuliza vumbi kwenye bodi ya redio, ingawa vumbi lilikwisha kutoka. "Mtu gani?"

"Daktari wa mifugo. Anakaa mbali, mwendo wa saa tano kwa gari. Ameniomba... Na kazini wamekubali kunihamisha. Sikutaka usikie kwa watu."

"Anamjua mtoto?"

"Anamjua. Wanapatana."

Mzee akaweka bodi chini. "Mti haukatazwi kuchipua, mwanangu. Nenda na baraka zangu."

Alilisema kwa mdomo na kwa akili. Moyo hakuuliza, na moyo ukamnunia tangu siku ile, kama alivyosema mwenyewe alipokuja kunisimulia.

Basi Jumatano ya juma la kuondoka, mkazamwana alikuja karakana na laptopu ya marehemu chini ya kwapa. Ilikuwa imekaa kabatini miaka minne. Aliichomeka kwenye umeme, isiwake. Akabonyeza, akabembeleza, wapi.

"Baba, humu ndani mna video zote za mechi zake, giga mia nne. Alikuwa anarekodi kila mechi awaoneshe wasichana makosa yao. Nataka kuzihamishia kwenye laptopu yangu. Chiriku hajui sauti ya baba yake."

Mzee alifungua skrubu kumi za chini, akaona bodi imeliwa na kutu upande mmoja, akatikisa kichwa. Lakini diski ilikuwa nzima. Alitegemea kukuta kitu kizito chenye sahani inayozunguka, kama zile alizowahi kuzifungua. Badala yake akashika kijisanduku chembamba, chepesi kama pakiti tupu ya sigara.

"Ni hii tu?"

"Ndiyo hiyo, Baba. SSD. Haina kinachozunguka ndani. Ikipata kesi ya nje, yaani kile kisanduku chake chenye waya, naichomeka kwangu, basi. Ningeinunua mwenyewe, ila kesho nakabidhi ofisi, sina pa kupitia."

"Nitakwenda mimi."

"Uulize ya bei nafuu lakini yenye kasi, Baba. Yule mtu anakuja na gari Ijumaa saa kumi. Mimi nafasi nitaipata siku hiyohiyo kuanzia saa saba, na nataka nimalize kabla."

Akatoka mbio. Juma lile lote alitembea hivyo, mikono imejaa mafurushi, mdomo umejaa orodha. Chiriku naye alizunguka nyuma yake akimtangazia kila mpita njia kwamba wanahamia kwenye nyumba yenye mbuzi. Mzee alikuwa akisubiri wakae naye mahali, hata mara moja, wakae tu. Kila alipofungua mdomo alikuta mmoja amekwisha toka na mwingine anaulizia kamba.

Alhamisi asubuhi akashika njia hadi dukani kwa Mama Chaja, kando ya kituo cha mafuta. Duka lenyewe lilikuwa na upana wa mlango mmoja, na waya zilining'inia kutoka darini kama mizizi. Mama Chaja alimheshimu sana Mzee Lehemu kwa kuwa ni yeye aliyemfundisha kushika bisibisi zamani, lakini heshima haikumzuia kumtania.

"Shikamoo, Mzee. Leo umekuja kwa wanafunzi?"

"Marahaba. Nataka kesi."

"Kesi! Nani kakushtaki tena? Au ni yule mwenye pasi aliyedai umemrudishia ya mtu?"

Mzee akacheka kidogo, akatoa diski kwenye mfuko wa shati. Mama Chaja akaipima kwa jicho, akapanga kesi tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki nyeusi. Ya pili, plastiki inayoonyesha ndani, waya wake ukiwa na ulimi wa rangi ya buluu. Ya tatu ilikuwa ya chuma cha kung'aa, ndani ya boksi lenye picha.

"Hii ya boksi usihangaike nayo," alisema, akiisukuma pembeni. "Diski yako haina mbio za kuitumia yote. Utalipia mng'ao. Chukua hii ya katikati. Nafuu, na ina kasi kama diski yenyewe."

"Na nyeusi?"

"Nyeusi ni ya zamani. Diski yako ni tangi, Mzee, kesi ni bomba. Hii nyeusi ni mrija wa kunywea soda. Diski itaingia, itafanya kazi, haitaharibika, lakini utazeeka."

"Nitazeeka kiasi gani? Kuna video giga mia nne."

Mama Chaja akabonyezabonyeza simu. "Hii ya buluu, robo saa na ushei. Nyeusi... karibu saa tatu."

Mzee Lehemu akaigeuza diski kiganjani. Nje, mtu alikuwa akijaza upepo tairi la baiskeli, na pampu ilikuwa ikilia. Saa tatu. Kuanzia saa saba mpaka saa kumi. Mtu hawezi kuacha laptopu yake inahamisha vitu akaenda zake. Atakaa aiangalie. Na mama akikaa, mtoto atakaa.

"Nipe nyeusi."

"Mzee!"

"Nipe nyeusi, mwanangu."

"Tofauti yake ni bei ya mkate. Kama ni hela, chukua ya buluu utanipa siku nyingine. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba rahisi ghali."

"Si hela."

Mama Chaja alimtazama usoni. Kisha akaifunga ile nyeusi kwenye gazeti, bila utani tena.

Njiani Mzee alijiona mwizi. Alikuwa hajawahi kumdanganya mteja hata kwa waya wa inchi moja, na leo, uzeeni, anamdanganya mtoto wake mwenyewe. Akajiambia kwamba saa tatu si kitu, kwamba hakuna atakayeumia. Hata hivyo alipita njia ya nyuma asionane na watu.

Ijumaa saa saba mchana, mkazamwana aliweka laptopu yake juu ya meza ya karakana, kati ya koili na mabaki ya feni. Mzee alikuwa amepangusa meza, akaweka viti viwili na kigoda. Diski ilikwisha ingia ndani ya kesi nyeusi. Akaisogeza mbele kwa kidole kimoja. Mkazamwana aliushika waya, akautazama ulimi wake, akaangalia tundu la laptopu lenye rangi ya buluu ndani, kisha akauchomeka. Kioo kikaonyesha folda tano, kila moja na mwaka wake. Akaanza kuhamisha.

Chini ya ule mstari wa kijani pakaandikwa: saa mbili na dakika hamsini na nne.

"Hm," akasema.

"Inachukua muda?" Mzee aliuliza, macho yake yako kwenye bisibisi.

"Inachukua muda kidogo. Dukani hakukuwa na nyingine?"

"Ndiyo niliyopata."

Mkazamwana alitazama nje, kwenye magodoro yaliyofungwa na sufuria zilizowekwa ndani ya sufuria, kana kwamba anazipigia hesabu kazi zilizobaki. Halafu akavuta kiti, akakaa, akavua viatu.

"Chiriku! Njoo ukae na Babu."

Mtoto akaja na mwanasesere asiye na mkono, akampanda babu yake mapajani bila kuomba ruhusa. Wakakaa. Kwanza walizungumza habari za bomba la maji, na nani apewe funguo za vyumba vya nyuma. Mzee hakusema lolote la maana, wala hakulitafuta. Uzito wa yule mtoto ulimtosha, na harufu ya sabuni kichwani mwake.

"Tuangalie moja wakati tunasubiri," mkazamwana akasema. "Itachelewesha zaidi, lakini ndiyo hivyo."

Akafungua video mojawapo ya folda iliyokwisha ingia. Uwanja wa saruji, wavu umelegea katikati, wasichana kumi na wawili wenye jezi za njano na nyeupe. Kisha ikaja sauti, karibu kabisa na maikrofoni, sauti nene yenye mkwaruzo.

"Nyuma! Nyuma! Nani kakwambia usimame hapo, unasubiri basi?"

Mzee Lehemu akamshika mtoto kwa nguvu bila kukusudia.

"Nani huyo anapiga kelele?" Chiriku akauliza.

"Baba yako," mama yake akasema.

"Yuko wapi?"

"Ameshika kamera. Ndiyo maana humwoni."

Mtoto akainama, akachungulia nyuma ya laptopu kumtafuta aliyeshika kamera. Mama yake akacheka, kicheko kikakatika katikati, akapangusa macho kwa kiganja. Mzee alisikiliza. Miaka minne alikuwa hajaisikia sauti ile, na kilichomchoma zaidi ni kwamba alikuwa ameanza kuisahau. Ndani ya kichwa chake aliifanya nyembamba kuliko ilivyokuwa.

Tena hakuwahi kumwona mwanawe kazini. Hata mechi moja. Alitaka mwana arithi meza ile, ashike lehemu, na kijana alipochagua mpira, Mzee alisema mbele ya watu kwamba hajamsomesha mtu ili apige mpira makofi. Kijana akacheka tu. Alikuwa na tabia hiyo, kucheka na kuendelea na lake.

Wakafungua video nyingine. Hii ilikuwa ya fainali, uwanja umejaa watu mpaka kwenye mstari. Pembeni, mstari wa mbele, kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki kisicho na mtu, na koti limetundikwa mgongoni mwake. Mwanamke mmoja akakisogelea. Sauti ikatoka nyuma ya kamera:

"Samahani, dada, hapo usikae. Hapo pa Mzee."

Mchezo ukaanza. Seti ya kwanza ikaisha. Watoto wawili wakakikimbilia kile kiti, na sauti ikaja tena, bila hasira: "Jamani, hapo pa Mzee wangu, anakuja." Seti ya pili. Mpira ukagonga wavu, watu wakapiga kelele, na katikati ya kelele akasikika akimnong'oneza mtu, "Bado hajafika?" Mtu akajibu, "Bado, kocha." "Atakuja. Ana kazi nyingi."

Mkazamwana alinyoosha mkono kuifunga ile video.

"Iache," Mzee akasema.

Wakaitazama mpaka mwisho. Jezi za njano zilishinda. Watu walimiminika uwanjani, kamera ikayumba, ikaonyesha miguu, saruji, anga. Kisha mkono wa mwanamume ukaingia kwenye picha, ukachukua koti kwenye kile kiti, ukalikung'uta, na picha ikakatika.

Mzee Lehemu aliikumbuka siku ile vizuri. Alisema atakwenda. Alinyoa ndevu kabisa. Kisha akaketi kitandani akasikiliza redio, akajiambia kwamba mchana ni mkali na kwamba mchezo ni mchezo tu. Hakuwa na kazi yoyote.

"Alikwambia kitu?" Mzee aliuliza. "Aliporudi siku ile."

"Alisema ulipata kazi ya haraka. Alirudi anaimba, Baba. Walishinda."

"Sikuwa na kazi."

Mkazamwana alisogeza kiti chake, bega lake likagusana na la mkwewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka yote ile, wakabaki hivyo wakiutazama ule mstari wa kijani unavyojikokota. Chiriku alikuwa amelala, mdomo wazi.

Saa nane na nusu honi ikalia nje.

Alikuwa daktari wa mifugo, na pikapu yake. Mzee alikuwa amekutana naye mara mbili kabla ya siku ile, na mara zote mbili alimtafutia kasoro, akakosa. Hata viatu vya mtu yule vilikuwa na adabu. Aliingia, akaamkia, akasimama karibu na mlango akiwa ameshika kofia.

"Samahani, Mzee, nimewahi. Nimepigiwa simu, kule mbele mvua imenyesha tangu alfajiri. Kuna daraja likizidiwa maji wanalifunga. Tukiondoka ndani ya saa moja tutalivuka. Tukichelewa, ni mpaka kesho kutwa, na nyumba ya wageni huko hakuna."

Mkazamwana akatazama kioo. "Imefika nusu. Imebaki saa moja na nusu, karibu."

"Basi tungoje," daktari akasema haraka. "Tutajua mbele kwa mbele."

Chiriku aliamka kwa kelele za magodoro yanayopandishwa. Mzee Lehemu alimshusha mapajani polepole.

"Mwanangu," akasema, "nilikudanganya. Ilikuwepo ya robo saa. Mama Chaja alinipa mkononi, nikaikataa. Nilichukua hii kwa sababu ya uvivu wake."

"Najua, Baba."

"Unajua?"

"Tangu nilipouona waya. Ofisini tunazo za namna hii, tulizitupa stoo." Alikuwa anavaa viatu, hakuinua uso. "Ungesema tu. Ungesema, 'Kaeni na mimi Ijumaa.' Ningefungasha Jumanne."

"Ningeanzaje?"

"Hivyohivyo."

Mzee akachukua kofia yake msumarini. "Simamisha hiyo. Nakwenda kununua nyingine."

"Baba, kwa miguu ni nusu saa kwenda na kurudi."

"Twende na gari, Mzee," daktari akasema.

Wakaenda, magodoro yakiwa nyuma na mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Walipofika penye matuta, daktari alisema, "Mzee, kama unataka wabaki mpaka mvua iishe, mimi sina neno. Nitarudi."

"Usirudi kwako mikono mitupu, utachekwa na mbuzi wako." Mzee alitazama dirishani. "Mvua haina mkwe, haimwonei mtu haya. Wapeleke leo. Mtoto anaogopa radi, uwe unajua. Hatakwambia. Anazungumza sana tu, zaidi ya kawaida. Ukisikia hivyo, ujue anaogopa."

"Nimeshika."

"Na mama yake akisema amekula, mwulize tena."

"Nimeshika, Mzee."

Mama Chaja aliwaona wakiingia, akatazama uso wa mzee, akafikia ile kesi ya plastiki inayoonyesha ndani kabla hajaulizwa. "Irudishe nyeusi siku yoyote," akasema tu. "Nenda."

Kubadilisha kulichukua dakika mbili. Mikono ya Mzee Lehemu, ambayo imezoea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, iliifungua kesi nyeusi, ikaitoa diski ikiwa na joto kidogo, ikaisukuma ndani ya kesi mpya mpaka ikalia *tak*. Mkazamwana alichomeka waya wenye ulimi wa buluu, akachagua folda zilizobaki. Kioo kikasema: dakika nane.

Dakika nane hizo hawakutazama video. Daktari alikaza kamba nje. Mkazamwana aliingia vyumba vya nyuma kuhakikisha hakuacha kitu, akatoka, akaingia tena. Mzee alikaa na Chiriku, ambaye alikuwa akimweleza kwamba mbuzi wana meno upande mmoja tu wa juu au wa chini, hakumbuki, atamwuliza daktari. Mzee alisema ndiyo, na sawa, na kweli kabisa. Mstari wa kijani ulikimbia. Hakuutazama, lakini aliuona.

Ulipofika mwisho, mkazamwana alichomoa diski, akaiweka kiganjani mwa mkwewe, akamfunga vidole juu yake.

"Hii ni yako, Baba. Ya asili inabaki kwako."

"Sina kompyuta."

"Mama Chaja anayo."

Aliinama, akaushika mkono ule wenye makovu kwa mikono yake miwili, akaushikilia hivyo kwa muda. Kisha akaenda garini. Chiriku alimpungia mkono kupitia dirishani, akapunga mpaka kwenye kona, mdomo bado unafanya kazi ingawa hakuna aliyesikia anasema nini. Pikapu ikakata kona. Mwanamke jirani alianza kusema pole, Mzee akaitikia na kuingia ndani.

Jioni ile hakufanya kazi. Alifagia vyumba vya nyuma, ambavyo vilikwisha fagiwa, akafunga madirisha, akarudi.

Walivuka daraja. Asubuhi ya Jumamosi simu ililia alipokuwa anakunywa chai aliyojichemshia, nyepesi mno. Ilikuwa sauti ya mtoto, imekwisha anza katikati ya habari: jana mvua ilipiga sana, na radi, lakini daktari alimkalisha jikoni wakahesabu chupa za dawa za ng'ombe mpaka radi ikaondoka; na kuna mbuzi mwenye bandeji mguuni, anaruka kwa mitatu, ameula ukurasa mmoja wa daftari la mama; na meno ni ya chini, Babu, juu hakuna.

"Babu? Babu, unalia?"

"Nacheka, mjukuu wangu. Endelea."

Akaendelea. Mzee Lehemu aliisogeza simu sikioni, akageuza kiti kikaelekea ukutani ili mteja akitokea mlangoni asimwone uso, akasikiliza habari za mbuzi mpaka salio la upande wa pili likaisha.

Baada ya hapo simu zilikuja kila Jumamosi, halafu kila walipopata nafasi. Vyumba vya nyuma alivipangisha kwa mwalimu mmoja mkimya, anayelipa kwa wakati na kurudi kuchelewa. Chai, Mzee aliendelea kujichemshia mwenyewe. Haikuwahi kukolea.